Wasomaji Wanauliza: Je, Ni Kweli Ndege Moja Ilianguka Kila Siku Katika Ghuba ya Tampa?

Safu hii kwa kawaida hujibu maswali ya kila namna, lakini safari hii barua tatu zilizotufikia zinazungumzia jambo moja, nalo ni vifo vya wanaanga wa vita waliokufa mazoezini, katika viwanja vyao wenyewe, kabla ya kumwona adui. Tumeona ni vyema kuzijibu pamoja.

Barua ya kwanza, kutoka Tampa, Florida

Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayeishi Tampa, Marekani, ambako kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao. Mzee mmoja ninayemhudumia, kila tukipita njia inayopakana na ghuba, hunionyesha maji na kurudia usemi wa Kiingereza wenye vina, ambao maana yake ni "moja kwa siku katika Ghuba ya Tampa". Anasema kwamba wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndege za jeshi zilikuwa zikitumbukia humo kila siku. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, jeshi lenye fedha nyingi namna ile liliwezaje kuwapoteza vijana wake nyumbani? Tena, kama kuna mahali ndege hiyo bado inaonekana, naomba unielekeze, maana mzee angependa kuiona.

Jibu

Dada yetu, usemi huo ni wa kweli, ila hesabu yake si ya kweli. Kambi ya MacDill, iliyofunguliwa mwezi wa Aprili 1941 kwenye ncha ya rasi iliyoko kusini mwa mji wa Tampa, ilikuwa mojawapo ya mahali pakuu pa kuwafundishia marubani wa ndege ya mabomu iliyoitwa B-26 Marauder. Kwa kuwa rasi hiyo imezungukwa na maji pande tatu, ndege iliyoshindwa kupanda baada ya kuacha njia ya kurukia ilikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda. Kati ya tarehe 5 Agosti 1942 na tarehe 8 Oktoba 1943, Marauder 13 ziliishia ndani ya ghuba, yaani karibu moja kwa mwezi. Nyingine zilianguka nchi kavu na hazimo katika idadi hiyo. Husimuliwa pia kwamba kuna kipindi cha siku 30 ambacho ndege 15 zilianguka, na usemi wa mzee wako ulizaliwa humo. Vijana waliouanzisha hawakuwa wakiandika takwimu. Walikuwa wakitania kifo, kama askari wafanyavyo kila mahali, na kwa kuwa usemi wenye vina haufi upesi, umewafikia wajukuu ukiwa mzima kuliko hesabu yenyewe.

Ili kuelewa kwa nini zilianguka, ni lazima kwanza tuitazame ndege. Marauder ilibuniwa na kampuni ya Glenn L. Martin ya Baltimore, na mchoraji wake mkuu alikuwa Peyton Magruder. Mwaka 1939 jeshi lilitaka ndege ya mabomu yenye mwendo mkali kuliko zote za aina yake, na kwa sababu Ulaya ilikuwa imekwisha kuwaka moto, liliagiza ndege 201 kutoka kwenye karatasi, pasipo kutengenezwa kwanza ndege hata moja ya majaribio. Ya kwanza kabisa iliruka tarehe 25 Novemba 1940, na ilikuwa tayari ni mojawapo ya zile zilizoagizwa. Ilikuwa na injini mbili kubwa za Pratt & Whitney, kila moja ikiwa na nguvu za farasi zipatazo 1,850, mwili mnene ulionyooka kama sigara, na mabawa mafupi yenye upana wa mita 19.8 kutoka ncha hadi ncha. Bawa fupi hukata hewa vizuri ndege ikiwa angani, lakini hudai malipo wakati wa kuruka na wakati wa kutua. Marauder ilipaswa kukaribia uwanja kwa mwendo wa kilomita 240 hivi kwa saa, na kijana aliyeletwa MacDill alikuwa ametoka juzi tu kwenye ndege za kujifunzia zilizokuwa nyepesi na za polepole. Mwili wake mzima ulimwambia apunguze mwendo, na kila aliyeutii mwili wake alianguka kabla ya kufika mwanzo wa njia.

Lakini kutua hakukuwa tishio kubwa kuliko yote. Tishio kubwa lilikuwa zile sekunde chache baada ya magurudumu kuacha ardhi. Msomaji aliyewahi kupiga kasia kwenye mtumbwi anajua kwamba ukipiga upande mmoja tu, mtumbwi hugeuka. Ndege ya injini mbili ikipoteza injini moja hutaka kugeuka vivyo hivyo, na kinachoizuia ni usukani ulioko kwenye mkia wake. Hapa nahodha yeyote wa jahazi atanielewa bila kuelezwa: usukani hauna nguvu kama chombo hakiendi. Kila ndege ya injini mbili ina kiwango cha mwendo ambacho chini yake usukani wa mkia hauwezi kushindana na injini iliyobaki. Marauder iliacha ardhi kabla ya kufika kiwango hicho, na kati ya kuruka na kukifikia palikuwa na muda ambao injini ikizimika, jambo la busara lilikuwa kupunguza nguvu ya ile iliyo nzima na kushuka moja kwa moja mbele, hata kama mbele ni maji. Aliyejaribu kugeuza arudi uwanjani alipinduka. Ni vigumu kumlaumu kijana wa miaka 21 kwa kutaka kurudi uwanjani.

Kwa nini injini zishindwe mara nyingi hivyo wakati wa kuruka tu? Sehemu hii huwa haisimuliwi na watu wa kawaida, nayo kwangu ndiyo kiini cha jambo lenyewe. Propela za Marauder, yaani yale mapangaboi ya mbele ya injini, zilibadilisha mwinamo wa panga zake kwa mota ya umeme. Mota hiyo ilitegemea betri za ndege. Uwanja unapokuwa na upungufu wa mashine za umeme za ardhini, mafundi hujaribia vyombo vya ndege kwa betri zilezile za ndege, na asubuhi rubani hupewa ndege ambayo betri zake zimekwisha nguvu. Huwasha, huvuta hadi mwisho wa njia, husukuma nguvu zote, na ndege ikishaanza kupanda, propela moja hukosa umeme wa kushika mwinamo wake, panga zinalala, injini inazunguka kupita kiasi na haivuti tena chochote. Kwa macho ya aliyesimama uwanjani, rubani ameshindwa kuendesha. Chanzo kilikuwa betri iliyochoka tangu jana yake. Zaidi ya hayo, mafuta yaliyobadilishwa kuwa ya kiwango cha juu yalikula viwambo vya ndani ya kabureta, na mafundi wengi walikuwa wageni wa kazi sawa na marubani wenyewe.

Walimu nao walikuwa haba, na baadhi yao walikuwa na saa chache kwenye ndege hiyo kuliko tungependa mwalimu awe nazo. Hofu ikaingia. Marauder ikaitwa "Mwenye Kuzalisha Wajane", ikaitwa "Jeneza Lirukalo", ikapewa na jina jingine la utani kuhusu wanawake na mabawa yake mafupi, ambalo adabu ya gazeti hainiruhusu kuliandika. Rubani anayeiogopa ndege yake huishika kwa wasiwasi, na wasiwasi huzaa ajali inayothibitisha ile hofu.

Malalamiko yalifika hadi kwenye kamati ya Seneti iliyochunguza matumizi ya fedha za vita, chini ya Seneta Harry Truman, ambaye baadaye alikuja kuwa Rais. Inasimuliwa kwamba Truman alimwuliza Glenn Martin kwa nini ndege zake zinaanguka, naye akajibu kuwa mabawa ni mafupi, lakini kazi ya kiwandani imekwenda mbali mno kubadilishwa na mkataba umekwisha kutiwa saini; Truman akamwambia kwamba kama ni hivyo, mkataba utafutwa, na mabawa yakaongezwa. Ni hadithi tamu. Watu huipenda kwa sababu ina tajiri mkaidi na mwanasiasa mwenye msimamo, na kwa sababu inamalizika vizuri.

Tatizo la hadithi hiyo liko kwenye hesabu. Ni kweli kwamba Marauder za baadaye zilipewa mabawa yenye upana wa mita 21.6, na eneo lake likatoka kama mita za mraba 56 hadi 61, pamoja na mkia mrefu zaidi. Lakini wakati huohuo ndege iliongezewa bunduki, mabamba ya chuma na mafuta, na uzito wake wa juu ukapanda kutoka tani 14 na nusu hadi karibu tani 17. Ukigawanya uzito kwa eneo la mabawa, utakuta kila mita ya mraba ya bawa jipya ilibeba mzigo mkubwa kidogo kuliko ile ya bawa la zamani. Kwa maneno mengine, bawa refu halikuifanya ndege iwe nyepesi kutua. Mkia mrefu ulisaidia pale injini moja ilipozimika, hilo halina ubishi, lakini kupungua kwa ajali hakuwezi kuelezwa kwa bawa.

Kilichosaidia zaidi kilikuwa mafunzo. Jenerali Henry Arnold, mkuu wa majeshi ya anga, alimpa kazi ya kuchunguza suala hilo Jimmy Doolittle, yule aliyeongoza shambulio la Tokyo la Aprili 1942. Doolittle alimtumia rubani aliyejulikana kwa jina la utani la Squeek Burnett, ambaye alizunguka kambi za mafunzo akiirusha Marauder mbele ya wanafunzi, akizima injini moja kwa makusudi, akigeuza kuelekea upande wa injini iliyozimika, jambo ambalo kila mtu alikuwa ameambiwa kwamba ni kujiua, kisha akitua salama. Betri zikaanza kutunzwa, viwambo vya kabureta vikabadilishwa, na walimu wakafundishwa kabla ya kufundisha. Wanawake wa kikosi cha marubani raia kilichoitwa WASP nao walifunzwa kuiendesha huko Dodge City, Kansas, ili wavute shabaha za mazoezi ya kulenga; nina hakika kuwaona wakishuka kwenye ngazi yake kuliwanyamazisha wanaume wengi waliokuwa wakisema haiendesheki. Kufikia mwisho wa vita huko Ulaya, Marauder za Jeshi la Tisa la Anga zilikuwa na kiwango cha upotevu cha chini ya asilimia moja kwa safari za vita, kidogo kuliko ndege nyingine za mabomu za Marekani. Ni ndege ileile.

Barua ya pili, kutoka Morogoro

Mhariri, mimi ni fundi mitambo mstaafu. Katika maisha yangu yote ya kazi nimesoma taarifa za ajali zinazomalizika kwa maneno mawili: kosa la dereva, kosa la mwendeshaji. Je, jeshi la anga wakati wa vita nalo liliandika hivyo, na je, kuna aliyewahi kuhoji?

Jibu

Mzee wangu, liliandika hivyo mara nyingi sana. Katika ardhi ya Marekani peke yake, kati ya Desemba 1941 na Agosti 1945, ajali za ndege za jeshi la nchi kavu ziliua watu karibu 15,000. Katika Kamandi ya Ndege za Mabomu ya Uingereza, ambayo ilipoteza wanaanga 55,573 wakati wa vita, zaidi ya 8,000 miongoni mwao walikufa kwa ajali za mafunzo na nyinginezo zisizo za mapigano. Idadi kama hizo zinazalisha mafaili mengi, na ofisa mwenye mafaili mengi hupenda sababu inayoandikika kwa mstari mmoja.

Aliyehoji, na aliyehoji vizuri kuliko wengi, alikuwa mtaalamu wa saikolojia aitwaye Alphonse Chapanis, aliyefanya kazi katika uwanja wa Wright, Ohio. Mwaka 1943 alitazama kisa cha ndege za mabomu za B-17 ambazo, zikiwa zimekwisha kutua salama na ziko mbioni kwenye njia, rubani alikunja magurudumu na kuilaza ndege kifudifudi. Marubani hao walikuwa wamefuzu. Chapanis alipoketi kwenye kiti chao aliona kwamba swichi ya magurudumu na swichi ya vibawa vya kupunguzia mwendo zilifanana kabisa na ziliwekwa jirani. Rubani aliyechoka alikuwa akinyoosha mkono kukunja vibawa, na mkono ukashika ndugu yake. Dawa aliyoitoa fundi kama wewe ungeitoa kwa dakika tano: akabandika kigurudumu kidogo cha mpira kwenye kishikizo cha magurudumu, na kipande chenye umbo la bawa kwenye kile cha vibawa, ili vidole vijue hata macho yakiwa kwingine. Vishikizo vya ndege za leo bado vina maumbo hayo.

Kabla yake, mwaka 1935, katika uwanja huohuo wa Wright, ndege ya majaribio iliyozaa B-17 ilianguka muda mfupi baada ya kuruka na kuwaua marubani wawili wenye uzoefu mkubwa, kwa sababu kufuli inayozuia sehemu za mkia zisipeperushwe na upepo ndege ikiwa imeegeshwa haikufunguliwa. Badala ya kuandika kwamba marubani walisahau na kufunga faili, wenzao walitunga orodha fupi ya mambo ya kukagua kabla ya kuruka. Orodha hiyo ndiyo mama wa zile zinazosomwa leo na marubani kila asubuhi Dar es Salaam na Nairobi.

Kwa hiyo nikikutana na taarifa yenye "kosa la rubani", mimi huuliza kosa hilo liliandaliwa na nani. Kwa habari ya MacDill, liliandaliwa na mkataba wa haraka, na betri, na kabureta, na mwalimu aliyefundisha asichokijua bado. Rubani alilikamilisha tu, naye ndiye hakuwepo kujitetea.

Barua ya tatu, kutoka Nanyuki

Mhariri, karibu na mji wetu kuna makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri, na baadhi ya mawe yake yana alama ya jeshi la anga la Uingereza na umri wa miaka 20 au 22. Nimesoma kwamba hapa hapakupiganwa vita dhidi ya Mjerumani. Vijana hawa walikufaje?

Jibu

Usidhani kila aliyelala pale alikuwa mwanaanga, kwa kuwa Nanyuki ilikuwa na shughuli nyingi za vita, pamoja na kambi ya mateka wa Kiitaliano. Lakini alama ulizoziona zina maelezo. Kuanzia mwaka 1942 uwanja wa Nanyuki ulikuwa na kikosi cha mafunzo ya mwisho cha jeshi la anga la Uingereza, namba 72, na Nakuru ilikuwa na kingine, namba 70, tangu mwaka 1941. Vijana waliokwisha kujifunza kuruka kwingineko waliletwa kwetu ili wazoee ndege za vita za injini mbili, kama vile Blenheim, kabla ya kupelekwa Misri na Mashariki ya Kati. Walichaguliwa viwanja vyetu kwa sababu viko mbali na adui na mvua zake zinajulikana majira. Kambi ya Jeshi la Anga la Kenya iliyoko Laikipia leo inawakumbusha wakazi wako kwamba anga hilo halijaacha kutumika.

Yale tuliyoyaeleza juu ya MacDill yalikuwepo huku pia, na juu yake kulikuwa na jambo moja ambalo Florida haina. MacDill iko usawa wa bahari; Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu yake. Katika kimo hicho hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 17, na joto la mchana huipunguza zaidi. Injini hupumua kidogo, propela hushika kidogo, bawa hubeba kidogo, na ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi ardhini kabla ya kuruka. Tena saa ya mwendo humdanganya rubani, kwa kuwa humwonyesha mwendo uleule aliouzoea huku ardhi ikipita chini yake kwa kasi zaidi. Katika Blenheim, vishikizo vya kubadilisha mwinamo wa propela viliwekwa nyuma ya rubani, mahali asipopaona, na aliyeruka akiwa amesahau kuvirekebisha aliondoka na ndege isiyo na mvuto wa kutosha. Pwani ya Uingereza kosa hilo lilimnyima mita mia kadhaa za njia. Nanyuki, na Mlima Kenya wa mita 5,199 ukiwa upande mmoja na mawingu yakishuka kila alasiri, lilimnyima kila kitu.

Na sasa nirudi kwa dada wa Tampa, ambaye aliomba kuelekezwa. Marauder iliyoruka safari za vita zaidi ya 200, inayoitwa Flak-Bait, ni mali ya jumba la makumbusho la Smithsonian na iko Chantilly, Virginia. Nyingine nzima iko katika Jumba la Makumbusho la Taifa la Jeshi la Anga huko Dayton, Ohio, na hii ilitumiwa na Wafaransa Huru katika miezi ya mwisho ya vita. Zote mbili ziko mbali na nyumbani kwa mzee, lakini kama safari ya Dayton itawezekana, msogeze karibu na ubavu wa ndege, pale bawa linapoungana na mwili. Ataona kwamba bawa la ndege ile limeinuliwa mbele kwa nyuzi tatu na nusu zaidi ya zile za mwanzo, ili iache ardhi mapema kidogo.